Kupenda vitabu vipya vya mashairi na kununua kwa haki: feza ya musomaji inaenda wapi?

Kuko watu ambao wakisikia kwamba kitabu kipya cha mashairi kimetoka, usingizi unapotea. Goma, Bukavu, Bunia, Kisangani, Kindu, wako wengi kuliko inavyofikiriwa: walimu wa Kifaransa, wanafunzi wa chuo, wasanii wa slamu, wamama wanaoandika usiku kisha watoto kulala. Lakini kitabu kipya kina bei, na ile bei mara nyingi inalingana na chakula cha siku kadhaa nyumbani.

Kwa hiyo kila mutu anatafuta njia yake. Mumoja anamuomba ndugu wa Ulaya anunue kwa intaneti. Mwingine anaenda kutosha fotokopi ya kitabu kizima. Mwingine anangoja PDF ipite katika gurupe ya WhatsApp. Njia zote zinafikisha mashairi mikononi, lakini kila moja inamulipa mutu fulani na kumuacha mwingine bila kitu. Kununua kwa haki ni kujua nani analipwa, nani haliwi na faida, kisha kuchagua kwa macho wazi, kulingana na mufuko.

Sababu gani kitabu chembamba kina bei nene

Kitabu cha mashairi kinaweza kuwa na kurasa 60 ao 80 tu, na hata vile kikauzwa bei moja na riwaya ya kurasa 200. Wasomaji wengi wanafikiri ni wizi. Sababu ya kweli iko katika hesabu ya kuchapa.

Mbele kitabu kifike kwenye mashini, kuko kazi ambayo inalipwa hata kama kinachapwa kimoja: kusahihisha maandishi, kupanga kurasa, kutengeneza ganda, kutayarisha mashini. Ile gharama inagawanywa kwa idadi ya nakala. Kitabu cha shule kinachochapwa kwa maelfu kinaibeba bila kusikia uzito. Kitabu cha mashairi mara nyingi kinachapwa nakala mia chache tu, juu muchapishaji anajua kwamba wanunuzi si wengi. Kila nakala inabeba sehemu kubwa ya ule muzigo. Ongeza usafiri: karatasi, wino na hata vitabu vyenyewe vinakuja kutoka mbali, vinapita mipaka, vinalipa barabara.

Kwa hiyo bei ya kitabu cha mashairi haionyeshe kwamba mutunzi anatajirika. Mara nyingi inaonyesha kinyume: wasomaji ni wachache, na kila mumoja wao ana uzito. Kwa kitabu kilichochapwa nakala 300, musomaji mumoja anayenunua ao anayeacha kununua anaonekana katika hesabu. Kwa riwaya inayouzwa sana huko Paris, haonekane hata kidogo.

Dola 10 zinavyogawanywa

Tuseme kitabu kinauzwa dola 10 katika duka la kawaida. Desturi ya kazi ya vitabu, zaidi sana katika nchi za Kifaransa, ni hii: duka linabakiza sehemu ya tatu hivi, ao zaidi kidogo. Yule anayesambaza vitabu kutoka depo mupaka dukani anakata yake. Kiwanda cha kuchapa kinalipwa, nyumba ya kuchapisha inalipa wafanyakazi wake. Mutunzi, ambaye jina lake liko kwenye ganda, anapata kati ya asilimia 8 na 10, ni kusema dola moja ao chini yake.

Hata ile dola moja haina uhakika. Kuko mikataba inayosema mutunzi ataanza kulipwa tu kisha nakala mia kadhaa kuuzwa. Kwa mashairi, ni kusema pengine hatalipwa hata siku moja. Kuko pia mikataba inayomulazimisha mutunzi kununua yeye mwenyewe nakala za kitabu chake. Watunzi wengi wa Afrika wanaotafuta muchapishaji Ulaya wanakutana na karatasi za namna hii, na wengi wanaweka sinyatiri bila kuzisoma vizuri, juu ya furaha ya kuona kitabu chao kinatoka.

Namna nyingine ni mutunzi kujilipia kiwanda cha kuchapa. Anatafuta mutaji kwa jamaa, anachapa nakala zake, anaziweka katika karto nyumbani na kuziuza mukono kwa mukono: kanisani, chuoni, kwenye veye ya slamu. Hapa hesabu inageuka. Musomaji akimupa dola 10, hakuna duka wala musambazaji katikati. Kama kuchapa nakala moja kulimugharimu dola 5, zinazobaki ni dola 5 za kwake, mara tano kuliko dukani. Lakini hatari yote iko pia juu yake. Mvua ikipenya katika karto, ao familia ikikimbia vita na kuacha nyumba, hasara ni ya mutunzi peke yake.

Kwa sababu hiyo, musomaji anayetaka feza yake imufikie mutunzi aanze na kuuliza kama mutunzi mwenyewe ana nakala za kuuza. Kama ziko, ile njo njia fupi kuliko zote.

Mashairi ya Kongo, maduka ya mbali

Historia ya mashairi ya Kongo ni pia historia ya vitabu vinavyozaliwa mbali na wasomaji wao. Mwaka 1955, Antoine-Roger Bolamba alitoa *Esanzo* huko Paris, kwa Présence Africaine, nyumba iliyoanzishwa na Alioune Diop wa Senegali. Kisha uhuru, mambo yalianza kurudi nyumbani: Clémentine Nzuji alitoa *Murmures* Kinshasa mwaka 1968, na V. Y. Mudimbe, muzaliwa wa Likasi, akatoa *Déchirures* mwaka 1971 kwa Éditions du Mont Noir, palepale Kinshasa. Wakati ule mwanafunzi wa Kongo aliweza kununua mashairi mapya yaliyochapishwa katika nchi yake.

Ile njia ilifungwa pole pole, na uchumi ulipoanguka nyumba za kuchapisha zikazimika ao zikabaki na vitabu vya shule na vya dini. Leo mufano unaojulikana ni Fiston Mwanza Mujila wa Lubumbashi. Mashairi yake juu ya muto Kongo, *Le Fleuve dans le ventre*, yalitoka mwaka 2013 Austria, kwa Kifaransa na Kijerumani katika kitabu kimoja. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka Marekani mwaka 2021. Mukaaji wa Kisangani, ambaye anaona ule muto kila asubuhi, yeye njo yuko mbali na kile kitabu kuliko musomaji wa Vienna.

Kosa si la mutunzi. Anaenda pale mulango unapofunguliwa. Lakini hali hii inamuweka musomaji wa mashariki ya Kongo mbele ya swali gumu: kama kitabu cha nduguye kinapatikana tu Ulaya, atakinunua kwa nani?

Duka kubwa la intaneti: malalamiko na upande wa pili

Jibu la haraka ni Amazon. Ile kampuni ilianzishwa na Jeff Bezos mwaka 1994 Marekani, na mwaka 1995 ilianza kuuza vitabu, mbele ya kuuza kila kitu. Leo wapenzi wengi wa vitabu wa Marekani na Ulaya wanajaribu kuiepuka. Malalamiko yao ni ya namna tatu.

La kwanza ni juu ya wafanyakazi. Wale wanaopanga mizigo katika madepo wamelalamika kwa miaka mingi juu ya mwendo wa kazi unaopimwa na mashini. Mwaka 2022, wafanyakazi wa depo moja ya Staten Island, New York, walipiga kura na kuunda sendika, ya kwanza katika madepo ya Amazon Marekani.

La pili ni juu ya maduka madogo. Kampuni kubwa inaweza kuuza kitabu kwa faida ndogo sana ao kwa hasara, juu inapata feza kwa vitu vingine. Duka la kartiye haliwezi. Ufaransa ilitambua hatari ile mapema: sheria ya tarehe 10 Agosti 1981 inasema kitabu kipya kina bei moja kila mahali, na muuzaji hawezi kupunguza zaidi ya asilimia 5. Tangu tarehe 7 Oktoba 2023, anayetuma vitabu vipya nyumbani kwa mununuzi lazima atoze usafiri wa euro 3 kama oda haifike euro 35. Ni namna ya kuzuia wakubwa wasitumie usafiri wa bure kuua wadogo.

La tatu ni juu ya mutu mumoja kushika milango yote. Amazon ilinunua AbeBooks, soko la vitabu vya zamani, mwaka 2008, Book Depository mwaka 2011, na Goodreads, mahali wasomaji wanajadiliana juu ya vitabu, mwaka 2013. Book Depository ya Uingereza ilikuwa maarufu kwa wasomaji wa Afrika, juu ilituma vitabu katika nchi nyingi bila kulipisha usafiri. Aprili 2023 ilifungwa. Waliozoea kuitegemea walijifunza siku ile namna gani mulango unaoshikwa na mutu mumoja unaweza kufungwa bila wao kuulizwa.

Tangu 2020 Marekani na Uingereza kuko Bookshop.org, inayouza kwa intaneti na kugawa sehemu ya faida kwa maduka madogo. Ni wazo zuri, lakini linatumikia wasomaji wa nchi zile. Kwa mukaaji wa Butembo, faida yake ni moja: kama ana ndugu kule, anaweza kumuomba anunue pale, ao katika duka la kartiye yake, kuliko kwa ile kampuni kubwa.

Hata vile, upande wa pili usisahauliwe. Kuko watunzi wa Kongo ambao vitabu vyao haviko dukani popote, isipokuwa kwa ile njia ya intaneti ambapo nakala inachapwa mununuzi akiisha kulipa. Kwao mulango ule njo wa pekee. Musomaji anayekataa kununua pale bila kumuuliza mutunzi anaweza kumuumiza mutu ambaye alitaka kumutetea. Kuuliza kwanza, kisha kukataa: huo njo utaratibu unaofaa.

Fotokopi na PDF: sheria inasema nini

Hapa kwetu, swali la kila siku si Amazon. Ni fotokopi na PDF.

Katika Kongo haki za watunzi zinalindwa na ordonanse-sheria nambari 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986. Nchi iko pia katika Mukataba wa Berne juu ya kazi za maandishi na za sanaa. Ulinzi unaendelea katika maisha yote ya mutunzi na miaka 50 kisha kifo chake. Tchicaya U Tam'si wa Kongo-Brazzaville, kwa mufano, alikufa mwaka 1988. Kwa hesabu ya miaka 50, mashairi yake yanalindwa mupaka mwisho wa 2038. Shirika linaloshugulikia haki hizi kwa jina la watunzi ni SOCODA, iliyochukua nafasi ya SONECA mwaka 2011.

Maana yake kwa musomaji ni wazi. Kunakili shairi moja katika kaye ili kulijifunza si jambo moja na kuchapa kitabu kizima na kukiuza kwenye mulango wa chuo. La pili ni biashara juu ya kazi ya mutu mwingine. Kati ya zile mbili kuko eneo lenye ukungu: mwalimu mwenye darasa la watoto 60 na kitabu kimoja. Hakuna anayemuona kuwa mwizi. Lakini yeye pia ana namna ya kutenda vizuri: achague mashairi machache badala ya kitabu kizima, aandike jina la mutunzi na la kitabu kwenye kila karatasi, na kama mutunzi yuko hai na ana simu, amuombe ruhusa. Watunzi wengi wanakubali kwa furaha. Mara nyingine wanakuja wenyewe kusoma mbele ya darasa.

Tena, fotokopi haiko rahisi kila mara kama inavyoonekana. Hesabu ya mufano: kitabu cha kurasa 80, tuseme kila ukurasa ni franga 100, ni franga 8.000, bila kuhesabu agrafe na ganda. Kama mutunzi wa hapa anauza kitabu kile dola 5, tofauti ni ndogo, na munakili anabaki na karatasi zinazopauka na kuanguka. Inafaa kuuliza bei ya kitabu halisi mbele ya kwenda kwenye mashini.

Kwa PDF, swali la kwanza ni: nani aliiweka? Kuko watunzi wanaogawa mashairi yao bure kwa kusudi, na wanaandika hivyo kwenye ukurasa wa kwanza. Kuko pia leseni za Creative Commons, zinazosema wazi kama mutu anaruhusiwa kugawa kazi. PDF ya namna ile inaweza kutembea bila hofu. Lakini PDF ya kitabu kilichotoka mwezi uliopita, iliyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, inamukata mutunzi muguu wakati njo anaanza kutembea. Kwa kitabu cha mashairi, miezi ya kwanza njo miezi ya kuuza.

Simu pia ina historia yake

Watu wengine wanasema: tusome kwenye simu, hakuna miti inayokatwa, hakuna gari linalosafirisha. Katika Masisi ao Kolwezi, ile sentensi inasikika vingine. Tantali inayotumiwa ndani ya simu inatoka katika koltani kama ile ya Rubaya. Kobalti ya betri, zaidi ya nusu ya ile inayochimbwa duniani, inatoka Kongo, zaidi sana Lualaba na Haut-Katanga. Marekani iliweka mwaka 2010 sheria inayozitaka kampuni kueleza kama madini yao yanatoka Kongo na nchi jirani, na Umoja wa Ulaya una sheria yake inayotumika tangu tarehe 1 Januari 2021 kwa bati, tantali, tangsteni na zahabu. Kobalti haimo ndani.

Si kusema kitabu cha karatasi ni kitakatifu na simu ni zambi. Simu iliyoko tayari mufukoni, kuisomea mashairi hakuongeze ubaya wowote. Shida inaanza wakati mutu ananunua chombo kipya juu ya kusoma tu, kisha anakitupa mwaka unaofuata. Kwa ufupi: chombo cha zamani kitumike mupaka kichoke, na karatasi iliyosomwa na watu kumi ina faida kuliko karatasi iliyosomwa na mutu mumoja.

Njia za katikati

Kati ya kununua kila kitabu na kuiba kila kitabu kuko njia nyingi, na wapenzi wa mashairi wa mashariki wanaweza kuzichanganya.

*Likelemba ya vitabu.* Watu watano wanatoa dola 2 kila mwezi. Kila mwezi dola 10 zinanunua kitabu kimoja kipya. Kinazunguka kwa wote watano, na mwishoni kinabaki kwa yule ambaye ni zamu yake. Kisha miezi mitano, kila mumoja ametoa dola 10, amesoma vitabu vitano na amebakiza kimoja. Watunzi watano wameuza. Sharti ni moja: tarehe ya kurudisha iandikwe, juu urafiki unavunjika haraka kwa kitabu kisichorudi.

*Bibliyoteki.* Vyuo kama ISP Bukavu, maparokia na vituo vya utamaduni vina rafu za vitabu. Mashairi mapya ni machache pale, lakini musomaji anaweza kuomba yanunuliwe. Kitabu kimoja kilichonunuliwa na bibliyoteki kinamulipa mutunzi mara moja na kusomwa miaka mingi. Wasomaji wakiomba wengi pamoja, nafasi ya kusikilizwa inaongezeka.

*Vitabu vya zamani.* Kitabu kilichotumika hakimulipe mutunzi kitu, lakini hakimuibie: kilishalipwa mara ya kwanza. Kwa vitabu vilivyoacha kuchapwa miaka mingi, mara nyingi hakuna njia nyingine. Musomaji mwenye feza kidogo anaweza kujiwekea kanuni: vya zamani ninunue kwenye meza za barabarani, ili zile kidogo zinazobaki ziende kwa kitabu kipya cha mutunzi aliye hai.

*Veye za slamu.* Katika Goma, kundi kama Goma Slam Session limezoeza vijana kusikia mashairi kwa Kiswahili na Kifaransa, kwa sauti, mbele ya watu. Kule mutunzi anaonekana uso kwa uso, na kitabu chake, kama kiko, kiko mezani. Hata asiye na feza ya kitabu anaweza kulipa kiingilio, na kile pia ni kumulipa mutunzi.

*Majirani wanaochapisha Kiswahili.* Kwa mashairi ya Kiswahili, Ulaya si lazima. Dar es Salaam kuko Mkuki na Nyota, iliyoanzishwa na Walter Bgoya mwaka 1991. Pale njo kulitoka mwaka 2016 *N'na Kwetu* ya Mohammed Khelef Ghassany, kisha kushinda tuzo ya fasihi ya Kiswahili ya Mabati-Cornell. Kwa walio mbali, kuko African Books Collective, shirika lililoanzishwa na wachapishaji wa Afrika wenyewe mwaka 1989. Linauza vitabu vyao kutoka Uingereza, na feza inarudi Afrika. Mufanyabiashara wa Uvira ao Kalemie anayevuka ziwa kwenda Kigoma anaweza kubeba vitabu viwili katika muzigo wake kwa bei ndogo kuliko posta yoyote.

*Kitabu cha haki.* Alliance internationale des éditeurs indépendants, iliyoundwa mwaka 2002, ina alama yake: *Le livre équitable*. Wachapishaji wa nchi mbalimbali wanatoa kitabu pamoja, na wa nchi zenye uwezo wanabeba sehemu kubwa ya gharama, ili bei Afrika iwe chini. Musomaji akiiona ile alama kwenye ganda, anajua kwamba bei ilifikiriwa pia kwa ajili yake.

Kununua mashairi wakati wa vita

Mwisho wa Januari 2025, vita vilipofika Goma, uwanja wa ndege ulifungwa na benki zikafunga milango. Bukavu ikafuata Februari. Tangu pale hesabu ya kununua kitu kutoka mbali ilibadilika. Muzigo unaweza kukaa njiani bila tarehe. Feza iliyotumwa mbele inaweza kupotea pamoja na ule aliyeipokea. Kwa hiyo, yule anayeagiza kupitia ajansi ao musafiri alipe sehemu mbele na sehemu kisha kupokea, na asitume feza ambayo kuipoteza kutaacha watoto bila chakula.

Kuko swali zito zaidi, ambalo wengi wanajiuliza bila kulisema: ni haki kununua mashairi wakati jirani aliyekimbia hana hata unga? Hakuna anayeweza kulijibu kwa niaba ya mwingine. Lakini mambo mawili yasaidie kupima. Kwanza, mutunzi mara nyingi ni yule jirani mwenyewe: amekimbia, amepoteza kazi, na nakala 40 zilizobaki katika karto njo mali yake. Kumununulia kimoja si anasa tupu. Ni kumupatia unga bila kumufanya aombe. Pili, kipimo kinaweza kuwekwa mbele, wakati moyo umetulia: kiasi gani kwa mwezi kwa vitabu, kiasi gani kwa kusaidia. Yule aliyeweka kipimo haongozwe na tamaa ya ganda zuri, wala na aibu inayomuzuia kusoma.

Maswali ya kujiuliza mbele ya kulipa

- Mutunzi yuko hai? Ana nakala za kuuza yeye mwenyewe? Anataka ninunue kwa njia gani?
- Kitabu kiko katika duka la hapa ao la nchi jirani, mbele ya kutafuta Ulaya?
- Kuko rafiki ao bibliyoteki inayonacho? Nikiazima, naweza kununua kingine ambacho hakuna anayekinunua?
- Bei hii ndogo sana inatoka wapi? Nani ameacha kulipwa ili iwe ndogo?
- Hii PDF iligawiwa na mutunzi, ao alipokonywa?
- Nitakisoma kweli? Vile vitatu vilivyoko kwenye rafu nimevimaliza?
- Kisha kusoma, nani atakipata kutoka mikono yangu?

Si lazima kila jibu liwe safi. Musomaji mwenye dola 3 hawezi kubeba peke yake makosa ya biashara nzima ya vitabu, na mutunzi yeyote anapendelea kusomwa kwa nakala iliyoazimwa kuliko kutosomwa. Tena kuko malipo yasiyoomba feza: kumuandikia mutunzi ujumbe wa kumuambia ni shairi gani lilimugusa musomaji, kutaja jina lake kila mara shairi lake linaposomwa mbele ya watu, kumuomba ruhusa mbele ya kulisoma katika kipindi cha redio ao katika ndoa. Mutunzi aliyechapa nakala 300 na kuuza 120 anakumbuka kila ujumbe wa namna ile. Mara nyingi njo unaomufanya aandike kitabu cha pili.